Wadudu wa macho mekundu wametoka ardhini usiku mmoja wamejaa mti mzima. Ni nzige hawa?

Mama Baraka (15 Mei 2025)

Wakuu habari za muda huu. Niko Marekani, jimbo la Kentucky, mwaka wa sita sasa. Naomba anayejua wadudu anisaidie kabla sijafanya uamuzi wa hasira.

Juzi nilipokuwa namwaga maji nyuma ya nyumba niliona udongo chini ya mti mkubwa umetobokatoboka, vitundu vya kuingia kidole kidogo, kama mtu amechoma ardhi kwa kijiti. Vingine vimejengewa kijinara cha tope juu. Sikujali. Jana saa 3 usiku mwanangu akaniita: "Mama, ukuta unatembea." Nikatoka na tochi. Vidudu vya rangi ya udongo, vina kibyongo, mikono ya mbele kama ya kaa, vinapanda mti, vinapanda ukuta, vinapanda tairi la gari. Ukinyamaza unasikia majani makavu yanachakarika uwanja mzima.

Asubuhi shina lote limejaa maganda matupu yaliyopasuka mgongoni. Pembeni yake wamekaa wadudu wenye mabawa, weusi, macho mekundu kama waliolia usiku kucha. Wachache bado weupe kama maziwa, laini, hawajiwezi.

Nimempigia mama yangu Muheza, kajibu neno moja tu: nzige. Kisha akaanza kuniombea. Nina miche miwili ya pichesi niliyoipanda mwaka jana, na dawa ya kupuliza nimeshanunua, iko kwenye buti la gari. Nipulize?

Kobe Mzee

Uzi bila picha ni hadithi ya sungura na fisi.

Mama Baraka

Nimeweka tatu. Ya mwisho samahani imetikisika, mmoja alinirukia usoni.

Mkata Matawi

Dada, rudisha hiyo dawa dukani ukachukue hela yako.

Mimi niko Ohio, kazi yangu ni kupanda miti na msumeno, tangu 2006. Picha zako zimenirudisha mbali. Hao si nzige. Nzige ni jamaa ya panzi, ana meno ya kutafuna na miguu mirefu ya nyuma ya kurukia. Mgeuze huyo wako chali: hana meno, ana mrija mmoja umekunjwa chini ya kifua, wa kufyonza utomvu. Jani hatafuni hata moja. Ni nyenze. Kosa la mama yako hata wazungu walilifanya, na mpaka leo wazee wa huku wanawaita nzige.

Lakini si nyenze wa kawaida. Hao umewakuta wanatimiza miaka 17. Walitagwa kwenye matawi ya mti huohuo kiangazi cha 2008, wakaanguka chini wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, wakazama ardhini, na huko wamekaa mpaka jana saa 3 usiku. Ulipohamia kwenye hiyo nyumba walikuwa chini ya miguu yako.

2008 nilikuwa na miaka miwili tu kwenye kazi hii. Bosi alituambia leo hakuna kuwasha misumeno mchana. Nikadhani mzee kachoka. Nikawasha. Ndani ya dakika chache nilikuwa nimevaa koti la wadudu. Mlio wa mashine wanaudhani ni kwaya ya wenzao, wanakuja wenyewe. Tangu siku hiyo majira yao yakifika nafanya kazi alfajiri au jioni. Mwambie na anayekukatia majani.

Kobe Mzee

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye miaka 17 umetupiga. Mdudu asiyejua idadi ya miguu yake anahesabu miaka 17 ardhini gizani? Kuna mtu aliwekea mmoja alama?

Mkata Matawi

Kuna aliyewawekea alama kwenye daftari, na ni mtu mweusi mwenzetu. Benjamin Banneker, mkulima na mnajimu wa Maryland, alizaliwa 1731, mtu huru enzi za utumwa. Alipokuwa kijana aliwaona 1749. Akadhani wamekuja kumaliza mazao, akaanza kuwaua, akaona anajichosha bure. Wakaja tena 1766. Wakaja 1783. Akaandika kwamba 1800 atawaona tena, na wakaja. Kundi lile ndilo linaloitwa Kundi la X. Chukua kikokotoo: 1749, ongeza 17 mara kumi na sita. Unapata 2021, na 2021 walitoka kweli, Maryland, Washington mji mkuu, Indiana. Mwaka ule hata ndege iliyokuwa iwapeleke waandishi wa habari wa Ikulu Ulaya ilichelewa kwa saa kadhaa kwa sababu wameingia kwenye mitambo.

La dada hapa ni Kundi la XIV. Kuna walowezi wa Plymouth, Massachusetts, walioandika miaka ya 1630 kuhusu inzi wakubwa waliotoka kwenye mashimo ardhini na kujaza misitu kelele. Rudi nyuma kutoka 2025 kwa kumi na saba kumi na saba utaangukia 1634.

Namba za Kirumi aliwapa mtu anaitwa Charles Marlatt mwaka 1898. Alizigawa nyingi kuliko makundi yenyewe, akidhani kila mwaka una lake. Yaliyopo leo ni 15: kumi na mawili ya miaka 17, matatu ya miaka 13.

Kobe Mzee

Nimekaa chini. Endelea.

Bukoba Yetu

Swali la msingi limerukwa. Wanaliwa?

Mama Baraka

Jamani mimi nauliza habari ya miche yangu 😅

Mkata Matawi

Wanaliwa, Bukoba. Wanaojua huwaokota wale weupe alfajiri kabla ganda halijakaza. Mimi nilionja wa kukaanga, nikakumbuka karanga mbichi. Ila mwenye mzio wa kamba na kaa asijaribu, ni damu moja. Mamlaka ya chakula ya huku ilitoa onyo hilo 2021.

Miche: dada, nyenze halili pichesi zako. Tatizo ni jike akitaka kutaga. Ana kitu kama msumeno nyuma ya tumbo, anachana kijitawi cha unene wa penseli na kuingiza mayai kama ishirini kwenye kila mchano, kisha anasogea anachana tena. Jike mmoja anafikisha mayai 500 au zaidi. Kijitawi kilichochanwa sana kinakauka nchani na kuning'inia. Mti mkubwa hilo kwake ni kama kunyolewa. Mche wa mwaka mmoja ambao matawi yake yote ni ya penseli, huo unaweza kufa. Nunua neti ya matundu yasiyofika sentimita 1, ufunike mche mzima, ufunge chini kwenye shina, maana wanapanda kwa miguu. Wiki sita utoe. Dawa haisaidii: unaua mia, elfu wanaruka kutoka kwa jirani, na ndege wanaokula hao mia wanakula dawa yako.

Mwalimu wa Mazimbu

Salaam kutoka Morogoro. Nafundisha baiolojia sekondari. Uzi huu kesho nauingiza darasani, ila kwanza tuweke jina sawa. Kuna wanaosema nyenze, kuna wanaosema nyenje, na wengine jina hilohilo wanampa yule anayelia usiku nyuma ya kabati. Yule wa kabati anasugua mabawa. Huyu wa mtini ana vigozi viwili ubavuni, mwanzo wa tumbo, anavibonyeza na kuviachia kwa misuli mara mamia kwa sekunde, na tumbo lenyewe lina uwazi ndani kama ngoma. Dume tu ndiye mwenye vigozi.

Nyenze wetu huku pia wanaishi ardhini miaka kadhaa, lakini hawapangi. Kila mwaka wapo wanaomaliza muda wao, kwa hiyo kila mwaka unawasikia. Hawa wa Marekani wamefanya jambo ambalo duniani ni nadra sana: wote wa eneo moja wana umri mmoja. Wanaojulikana kufanya hivyo nje ya Marekani ni wawili tu, wa Fiji kila miaka 8, na wa Meghalaya, India, kila miaka 4.

Faida yake mtu yeyote aliyeona kumbikumbi anaijua. Mvua ya kwanza ikinyesha, kichuguu kinafunguka, wote wanaruka jioni moja. Kuku anakula mpaka anachoka, mjusi anakula, mtoto anakula, bundi anakula, na bado waliobaki wanatosha kuanzisha vichuguu vingine. Hawana sumu, hawana mbio, silaha yao ni wingi wa siku moja. Nyenze hawa ni hivyohivyo, wanafika mpaka milioni moja na nusu kwa eka. Anayetoka peke yake mwaka usio wake ameliwa kabla ya kuimba. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini wanashika tarehe kwa ukali vile, mwulize kuku.

Kobe Mzee

Mwalimu, lakini kwa nini 17? Si 16, si 20?

Mwalimu wa Mazimbu

Hapo wenyewe wataalamu wanavutana. 13 na 17 ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Wako wanaosema hiyo inamnyima adui mwenye mzunguko wa miaka miwili, mitatu au minne nafasi ya kukutana nao kila wanapotoka. Wako wanaosema inazuia makundi yasikutane na kuzaliana, watoto wakachanganyikiwa tarehe. Hoja ya pili angalau hesabu yake inapendeza: kundi la miaka 13 na kundi la miaka 17 yakitoka pamoja leo, yatakutana tena baada ya miaka 221. Ilitokea mwaka jana, Kundi la XIII (hilo ni la miaka 17) na la XIX (la miaka 13). Kabla ya hapo ilikuwa 1803. Ijayo kwa hayo mawili ni 2245.

Wanahesabuje? Hapa ndipo napenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichukua tunutu, yaani nyenze wachanga wa ardhini, waliokwisha fikisha miaka 15 wakawaweka kwenye mizizi ya miti ya pichesi (Mama Baraka, pichesi!). Miti yenyewe walikuwa wameidanganya, ikachanua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Tunutu wale wakatoka mwaka mmoja mapema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Maana yake hawahesabu jua wala baridi moja kwa moja. Wanaonja utomvu. Mti ukichanua utomvu unabadilika, kwao huo ni mwaka mmoja umepita.

Kobe Mzee

Yaani kalenda yao ni mti. Na mti ukidanganywa na wao wanadanganyika.

Mwalimu wa Mazimbu

Kabisa. Na utomvu wenyewe ni maji matupu, ule unaopanda kutoka mizizini, chakula kidogo sana ndani yake. Wanaishi kwa msaada wa bakteria walio mwilini mwao wanaowatengenezea virutubisho vinavyokosekana. Ndiyo maana hawakui haraka.

Mwana Bukavu

Jambo bandugu. Mimi niko mutu ya Bukavu lakini naikala Illinois, karibu na Chicago. Mwaka ilipita huku bilitoka mingi sana, ile bidudu ya macho nyekundu. Watoto bakakusanya maganda ndani ya ndoo. Kelele, mutu hasikii simu. Lakini shida yenyewe ilikuja nyuma, mwezi wa nane, bidudu bimeisha kufa zamani. Shingo yangu na mikono bikatoka mapele ya kuwasha, ya bibi yangu vilevile. Tulifikiri ni kunguni, tukatupa matelasi. Munganga akasema hapana, ni ka kidudu kadogo hakaonekane, kanakula mayai ya ile bidudu kwenye miti, halafu kanaangukia watu.

Mkata Matawi

Asante sana ndugu, hilo wengi hawalijui. Ni utitiri, kawaida hula wadudu wengine kwenye majani ya mialoni. Mayai ya nyenze yakijaa matawini unasherehekea, kisha unaanguka na upepo. Hata Washington 2021 watu walijikuna Agosti nzima. Ukikaa chini ya mti mwezi huo, ukirudi ndani oga na nguo uzitie kwenye mashine. Pole na matelasi.

Mama Baraka (22 Mei)

Narudi na taarifa. Dawa nimerudisha. Neti imefungwa. Na leo wameanza kuimba.

Wiki iliyopita walikuwa kimya nikadhani ndiyo hivyo tu. Leo jua lilipotoka vizuri, kama saa 4 asubuhi, ukaanza mvumo kutoka msituni kama gari kubwa linalopanda mlima mbali na halifiki. Kisha mmoja wa karibu, peke yake, kwenye kamba ya kuanikia: "Faaaaraooo." Mwisho sauti inashuka. Naapa. Nilimpigia mama Muheza nikaiweka simu pale kwenye kamba. Akasikiliza, akasema, "Si nilikwambia ni nzige wa Misri? Anamwita bosi wake."

Mkata Matawi

😂😂 Mama yupo sahihi kuhusu jina. Hata Wamarekani wanasema huyo anaita "Farao".

Na hapo umeshamtambua bila kujua. Kwenye Kundi la XIV kuna aina tatu zimechanganyika, zote macho mekundu, zote mishipa ya mabawa ya rangi ya chungwa. Kwa mgongo huwezi kuzitofautisha. Geuza chali uone tumbo. Mkubwa, tumbo lina mistari mipana ya rangi ya chungwa, na nyuma ya jicho kabla ya bawa kuna doa la chungwa: huyo ndiye wa Farao, septendecim, jina alilopewa na Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758, maana yake kumi na saba. Mdogo, tumbo jeusi tii: cassini. Huyo haiti mtu, anagonga tik-tik-tik kisha anamwaga mvumo mkali, na wenzake kwenye mti wanaimba kwa mpigo mmoja mpaka masikio yanauma. Wa tatu ni mdogo pia ila ana mistari myembamba ya chungwa tumboni, anaitwa septendecula, sauti yake kama kinyunyizio cha maji cha bustani, tsk tsk tsk tsk. Huyo adimu, mara nyingi kwenye miti ya jamii ya hikori.

Wale wa miaka 13 wa kusini wanafanana na hawa kama mapacha, aina nne. Mmoja alitambuliwa kuwa aina peke yake mwaka 2000 tu, kwa sababu ya sauti: akikaa na ndugu yake eneo moja, anapandisha uimbaji wake juu ili majike wasichanganye.

Sasa mwambie Baraka afanye hivi. Amtafute dume wa Farao aliyetulia. Akimaliza kuita, sauti ikishuka tu, apige kidole mara moja, tak. Chini ya sekunde.

Mama Baraka

Kwa nini?

Mkata Matawi

Afanye kwanza.

Mama Baraka (23 Mei)

Jamani.

Tumekaa nusu saa nyuma ya nyumba. Mara za kwanza Baraka alikuwa anapiga kidole wakati mdudu bado anaita, hakuna kitu. Kisha akaupata muda. Farao, tak. Dume akanyamaza, akageuka. Akaita tena. Tak. Akaanza kutembea kwenye kamba, anasimama, anaita, anasubiri, anatembea. Alifika mpaka kwenye kidole cha mtoto, akapanda, akamwangalia na yale macho. Baraka hakupumua. Ana miaka 9 na hajawahi kukaa kimya hivyo tangu azaliwe.

Mwalimu wa Mazimbu

Jike haimbi, anajibu kwa kutikisa mabawa mara moja, mlio mkavu kama kidole. Kinachomtambulisha ni muda wa kujibu. Mwanao kwa nusu saa amezungumza lugha ya watu.

Kijana wa Maua

Wazee mimi niko Meru, nimesoma uzi wote bila kupepesa. Kuna kitu nilisikia, sijui kama ni porojo. Ati hawa wadudu wanapatwa na ugonjwa unaowafanya walewe miraa?

Mkata Matawi

Si porojo. Kuna kuvu anaitwa Massospora. Mbegu zake zinalala ardhini zikisubiri, mdudu anapotoka zinamnasa. Baada ya siku chache ncha ya tumbo inadondoka, na mahali pake panabaki kitu cheupe kama chaki. Sehemu za uzazi zimeenda. Mdudu anayepaswa kuwa maiti anaendelea kuruka, anatembea, anatafuta mwenzi, anajaribu kupanda, na kila anapogusa anaacha unga. Tena dume aliyeugua anaanza kutikisa mabawa kama jike, ile tak ya Baraka, ili madume wazima wamjie naye awaambukize. Mwaka huu nimeshaokota watatu. Ukiwagusa, chaki inabaki kidoleni.

2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia na wenzao walichapisha walichokikuta ndani ya ile chaki: kathinoni.

Kijana wa Maua

Kathinoni! Hiyo si ndiyo yenyewe ya miraa? Baba yangu amefunga miraa kwa majani ya ndizi maisha yake yote kwa sababu hiyo, ikikauka nguvu inatoroka. Kwa hivyo mdudu amepoteza nusu ya mwili na bado ako na stimu ya kutafuta bibi.

Kobe Mzee

Nawajua watu wa hivyo wawili. Sitawataja.

Bukoba Yetu

Nafuta swali langu la wanaliwa.

Mkata Matawi

Wewe kula mweupe aliyetoka usiku huohuo. Mwenye chaki mwache.

Mtu wa Mbezi

Samahani nimechelewa kuingia. Kuna mtu kaniambia mabawani wameandikwa herufi W, ishara ya vita. Ni kweli?

Mwalimu wa Mazimbu

Alama ipo, karibu na ncha ya bawa la mbele, mishipa imekunjamana ikawa kama W. Ipo kwa kila mmoja, kila mara wanapotoka, vita iwepo isiwepo.

Mama Baraka (29 Juni)

Kimya. Jana nilifungua dirisha nikasikia ndege, nikashtuka.

Wiki mbili za mwisho zilikuwa za harufu. Chini ya mti wamelundikana kama makumbi, na mvua ikinyesha wananuka kama samaki waliosahaulika kwenye ndoo. Nilizoa kwa koleo nikawamwaga kwenye maboga, mzee mmoja jirani kaniambia ni mbolea nzuri. Matawi ya mti mkubwa nchani yamekauka, majani ya kahawia yananing'inia hapa na pale. Pichesi zote mbili nzima, nimetoa neti jana.

Baraka ana chupa ya maganda 214. Amehesabu mwenyewe.

Mkata Matawi

Usiwaite watu wa kukata hayo matawi makavu kwa haraka. Mayai yanaanguliwa wiki sita mpaka kumi baada ya kutagwa. Ukikata sasa ukachoma, umechoma wa 2042. Ukiona tawi limeanguka lenyewe, liache chini mpaka Septemba. Watoto wakitoka wanaanguka, weupe, wadogo kuliko sisimizi, dakika chache wameshapotea kwenye nyufa za udongo.

Kwa faida ya watakaoukuta uzi huu: Kundi la XXII, la miaka 13, ni 2027, Louisiana na Mississippi, na kipande cha Ohio na Kentucky. La XXIII ni 2028. La I ni 2029, Virginia na West Virginia. Pima joto la udongo sentimita 20 chini. Likifika nyuzi 18 na mvua ikanyesha, kaa nje na tochi.

Fundi Simu Indiana (19 Agosti)

Wakuu nimeukuta uzi huu kwa kutafuta. Nina mmoja kwenye kioo cha gari sasa hivi. Mkubwa kuliko kidole gumba. Ina maana kuna waliobaki?

Mama Baraka

Macho yake ya rangi gani?

Fundi Simu Indiana

Meusi. Mgongo una kijani kijani.

Mama Baraka

Huyo si wa uzi huu. Ni wa kila mwaka, anatoka Julai na Agosti, mwili mkubwa, kijani na nyeusi, anaimba jioni kama mashine ya kuranda mbao. Wetu wana macho mekundu, wanatoka Mei, na Juni ikiisha wameisha. Mgeuze uone tumbo kama lina unga mweupe mweupe, usiogope, hiyo si chaki ya miraa, ndivyo walivyo. Hang'ati. Fungua tu mlango taratibu asije akaingia ndani ya gari, utashindwa kuendesha kwa kelele.